Damu Inaporudi

Baba yangu alikufa baada ya kuokolewa. Nimewahi kusema hivyo mbele ya madaktari wakanielewa mara moja. Nyumbani Kichiwa niliposema maneno hayohayo, watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda kuangalia ng'ombe.

Alikuwa mkulima wa mahindi na viazi. Nikiwa shule ya msingi, lori la chama cha ushirika lilikuwa linapanda kijijini kila msimu kuchukua mahindi, na sisi watoto tulilikimbilia kwa nyuma. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi. Makambako ilijaa mitumba, sabuni za kunukia, na redio za kila ukubwa, na watu walisema nchi imefunguka. Kwetu ilifunguka kwa namna nyingine: lori la ushirika liliacha kuja, na mahindi ya mavuno mawili yakabunguliwa darini. Baba akatundika jembe ukutani akaenda Makambako kupakia mbao kwenye malori ya watu binafsi. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa kule tayari.

Mama alishafariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne nilimfuata baba nimpikie huku nikisubiri matokeo. Tulipanga chumba kimoja Mahongole. Asubuhi baridi ya kule inakukata masikio, na upepo hauna adabu, unaingia hata pale ulipoziba kwa matambara. Baba aliamka kabla yangu, akawasha moto, akaninywesha chai kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda kubeba mbao. Jioni alirudi na maranda ya mbao kichwani, nami nikamtania kwamba amezeeka ghafla. Ile miezi minne ndiyo niliyoishi naye kama mtu na rafiki yake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Lori lililokuwa limepakia mbao mbichi lilipasukiwa tairi la nyuma mahali pa mteremko, si mbali na chumba chetu. Dereva aliweka jeki ndogo, wapakiaji wakatafuta mawe. Baba akaingia chini kwenda kukaza jiwe. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Udongo uliteleza, jeki ikalala, na ekseli ikamshukia juu ya mapaja yote mawili.

Nilikuwa nakuna nazi ya maharage nikasikia watu wanapiga kelele kwa Kibena. Nilipofika, nilimkuta baba amelala chali, kichwa na kifua viko nje, miguu haionekani. Hakuwa analia. Aliniona akasema, "Mwanangu, umeacha moto? Rudi ukautoe, maharage yataungua."

"Yaache yaungue, baba."

"Basi nipe kofia yangu. Jua linanipiga machoni."

Nilimvika kofia, nikakaa matopeni, nikakiweka kichwa chake juu ya mapaja yangu. Alisema miguu haimuumi tena, ni kama si yake. Hilo lilinipa moyo. Nilidhani kutoumwa ni nafuu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Walianza kwa kushusha mbao, maana zilikuwa zimefungwa kwa kamba na zimelowa, kila moja inahitaji watu wawili. Hilo peke yake lilikula saa mbili na zaidi. Lori lilipobaki tupu, walijaribu kulisukuma kwa magogo, likagoma. Ile jeki ndogo ilikuwa imepinda. Baba mdogo alikimbia hadi kwa watu wa reli, ambao walikuwa na jeki kubwa. Wakamwambia jeki ni mali ya serikali, alete barua ya kuomba, na mwenye kuipokea barua amekwenda Mbeya. Alirudi amelowa jasho katika baridi ile. Mtu mwingine alitumwa kwa baiskeli kumwita mganga wa zahanati.

Ndipo mmoja wa wapakiaji akamkumbuka mwenye gereji. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, aliyehamia Makambako miaka mingi nyuma akaoa na kujenga hapohapo. Alikuwa na jeki ya mafuta inayonyanyua lori na mzigo wake. Walimfuata msikitini, wakamkuta kwenye mstari wa swala ya Ijumaa, naye aliacha swala. Nalisema hili kwa sababu baadaye hakuna aliyelisema. Alikuja kwa pikapu yake, kanzu nyeupe, kofia kichwani, jeki nyuma.

Alilala kifudifudi matopeni na kanzu yake, akachungulia chini ya lori. Akanyanyuka taratibu. Akauliza, "Amebanwa tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili," alisema baba mdogo.

Ilikuwa inakwenda saa nane. Yule mtu alimvuta baba mdogo kando, lakini nilikuwa karibu, nikasikia yote. Alisema, "Ndugu yangu, tumngoje mganga kwanza. Nilipokuwa kijana kule kwetu niliona mtu amebanwa na behewa la mkonge. Alikaa hivihivi, anaongea, anacheka na watu. Walipolisukuma lile behewa, hakumaliza hata nusu saa. Sijui ni nini, mimi si daktari. Lakini nilimwona kwa macho yangu. Mganga aje na dawa zake, asimame hapa, ndiyo tupampu."

"Mganga hajulikani atafika saa ngapi," alisema baba mdogo.

"Tungoje kidogo tu."

Mimi nilikuwa nimekaa na baba kwa saa sita. Niliweka kichwa chake chini, juu ya kanga yangu, nikaenda pale waliposimama, nikamkamata yule mtu kanzu kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilimwambia, "Linyanyue hilo lori. Kama hutaki, tupe jeki tulinyanyue wenyewe."

Alisema, "Binti, sikatai."

Nikamwambia, "Angekuwa mtu wa msikitini kwenu, ungengoja?"

Wote waliokuwa karibu walisikia. Alinitazama, si kwa hasira. Akaiondoa mikono yangu kwenye kanzu, kidole kwa kidole, akaenda kuchukua jeki yake. Aliiweka sawa, akachomeka mtarimbo, akaanza kupampu. Lori lilipanda kama kitu chepesi. Watu wanne walimvuta baba.

Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Wapakiaji walishikana mikono. Baba alivuta pumzi ndefu, akasema, "Asanteni, wanangu." Mapaja yake yalikuwa meupe kama ya mtu aliyekaa majini, kisha yakaanza kuingia rangi. Nilifurahi kuiona ile rangi. Nilidhani uhai unarudi, na nilimwambia hivyo: "Baba, damu inarudi."

"Inarudi na moto wake," alisema. Aliomba maji, nikampa. Walipokuwa wanatandika godoro kwenye pikapu ya mwenye gereji ili apelekwe hospitali, baba aliweka kiganja kifuani akasema, "Moyo unaruka." Hakusema kwa woga, alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Midomo ikawa ya kijivu. Macho yakanipita yakaangalia kitu nyuma yangu. Pikapu ilikuwa haijawashwa.

Mganga alifika kwa baiskeli muda mfupi baadaye. Mkobani alikuwa na bandeji, aspirini na chombo cha kusikilizia mapigo. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mmesema alikuwa anaongea?" aliuliza.

"Alikuwa anaongea," nilisema.

Tulimzika Kichiwa Jumapili. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa, kama ilivyo desturi, kuuliza kifo kimetoka wapi. Watu walikuwa hawaelewi. Mtu anabanwa saa sita, yu hai, anadai kofia yake, anatolewa, anakufa. Baba mdogo alisimama akasema kwamba yule mtu wa Tanga alitamka kwa kinywa chake, kabla hajagusa jeki, kwamba lori likinyanyuliwa baba atakufa. "Alijuaje?" aliuliza. "Mtu anajuaje jambo ambalo halijatokea?"

Hakuna aliyelitaja neno uchawi. Halikuhitajika.

Mzee aliyeongoza kikao alinigeukia. "Wewe mtoto ulikuwepo. Yule mtu alisema?"

"Alisema."

"Alisema atakufa?"

"Alisema aliona mtu akifa hivyo."

"Basi alisema."

"Ndiyo."

Hakuniuliza mimi nilisema nini, nami sikuongeza. Nilikaa chini, nikajifunika kanga hadi puani. Kila neno nililotamka mbele ya ukoo lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema.

Habari zilishuka Makambako kabla yetu. Wapakiaji waliacha kupeleka magari kwenye gereji ile, halafu na madereva. Mke wake alipokwenda sokoni, wauza viazi waligeuza nyuso. Mtu alichoma uzio wake wa mabanzi mchana, watu wakiangalia. Walikuwepo Waislamu wengine wengi pale mjini, wenye maduka na mabasi, na hawakumkimbia, lakini hata wao walianza kumsalimia kwa haraka. Mwisho alifunga gereji, akahamia upande wa barabara ya Songea, akawa anauza springi kuukuu na bolti alizozipanga chini juu ya turubai. Nilimpita mara mbili pale kabla sijaondoka. Mara zote mbili nilivuka barabara.

Matokeo yalipotoka, nilichaguliwa chuo cha uuguzi. Nilisoma kwa hasira ya mtu anayetafuta jibu bila kutaka kuulizwa swali. Nilipangiwa Dar es Salaam, chumba cha upasuaji. Miaka ilipita. Wale wa Afrika Kusini walipokwisha kupiga kura yao na mipaka yao kufunguliwa, zilitoka nafasi za kwenda huko kwao kujifunza kuendesha mashine ya moyo, ile inayobeba kazi ya moyo na mapafu wakati madaktari wakimpasua mtu kifua. Nilipata nafasi moja. Siku ya kuondoka tuliambiwa kwamba tukirudi tutakuta mashine yetu wenyewe imeshafungwa, inatusubiri.

Mwalimu wangu kule alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Kihindi, mfupi, mwenye kuvaa viatu vya raba vya kiume. Aliniita "dada" tangu siku ya kwanza. Aliendesha ile mashine kwa miaka zaidi ya ishirini, na madaktari waliomzidi mshahara mara kumi walimwogopa. Hospitali ile ilikuwa inapandikiza mioyo: inatolewa kwa mtu aliyekwisha kufa ubongo, kwa ridhaa ya ndugu zake, inawekwa kwa mtu ambaye moyo wake umechoka.

Somo lake la kwanza alilitoa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Dada, moyo ukitolewa kwa mwenyewe, unadhani adui yake ni nani?"

"Kukosa damu," nilijibu.

"Huyo ni adui mdogo. Huyo tunamjua. Tunausimamisha moyo kwa chumvi ya potasiamu, tunauweka kwenye barafu, unalala. Ukilala hauli, hauhitaji kitu. Unaweza kukaa hivyo saa nne. Adui mkubwa ni damu inaporudi."

Nilidhani sikusikia vizuri Kiingereza chake. Nilimwomba arudie.

"Damu inaporudi," alisema. "Nyama iliyokaa na njaa imejaa taka zake yenyewe, na milango yake imelegea. Ukiirudishia damu ya moto kwa nguvu zote, hewa ileile iliyokuwa uhai inageuka sumu. Chokaa ya damu, kalsiamu, inaingia ndani kwa kasi, moyo unakakamaa kama ngumi. Chembe nyeupe zinakuja kama askari waliolewa, zinapiga wa nyumbani. Wengi huona moyo umekufa wakasema ulichelewa. Haukuchelewa. Uliharakishwa."

Niliandika kila neno. Mkono uliendelea kuandika na kichwa kilikuwa kimekwenda mahali pengine, matopeni, saa nane mchana. Sikumwambia. Miezi ikapita sikumwambia. Nilijifunza kuchuja chembe nyeupe kwenye damu, kupunguza chokaa yake, kuuangalia mshale wa shinikizo usipande hata kidogo katika dakika zile za kwanza. Nilikuwa mzuri katika hilo. Mwalimu alisema nina subira ya kuzaliwa, nami sikumsahihisha.

Kuna wiki moja ililetwa mioyo miwili, jambo ambalo si la kawaida. Wa pili ndio ninaoukumbuka. Ulitoka mji mwingine kwa ndege, kwenye kasha la plastiki kama lile la kubebea samaki, ndani ya mifuko mitatu na barafu. Mpokeaji alikuwa dereva wa basi, mwanamume aliyevimba miguu hadi asiweze kuvaa viatu. Moyo wake mwenyewe ulipotolewa ulikuwa mkubwa na legevu kama mfuko uliolowa. Ule mpya ulikuwa mdogo, rangi ya kijivu, baridi.

Daktari mkuu alishona kwa zaidi ya saa nzima. Alipomaliza mshono wa mwisho, moyo ulikuwa umekaa bila damu saa tatu na nusu na ushee. Alishika koleo lililobana mshipa mkubwa, tayari kuliachia.

"Bado," alisema mwalimu wangu.

"Nimemaliza."

"Wewe umemaliza. Damu yangu haijawa tayari. Chujio halijajaa."

"Moyo unanifia mkononi, mama."

"Umelala. Ukiufungulia sasa, ndipo utauua. Nipe dakika chache."

Daktari alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti, na sote tulijua anavyoweza kumtupia mtu mkasi. Alibaki ameshika koleo. Nilimwona jicho likimcheza juu ya barakoa. Kisha akasema, "Haya. Nangoja."

Mwalimu alinipa ishara nami nikaanza kuzungusha pampu, polepole, damu iliyochujwa, iliyopunguzwa chokaa, shinikizo chini kabisa. Dakika kumi hivi. Ule ukijivu ulianza kuondoka ukutani mwa moyo kama ukungu unavyoachia mashamba kwetu, sehemu kwa sehemu, bila haraka. Moyo ukatetemeka. Ukatulia. Ukapiga pigo moja, kisha mengine. Daktari akaachia koleo.

Machozi yalikuwa yananiingia kwenye barakoa. Mwalimu aliyaona. "Usiangalie moyo," alisema kwa upole. "Angalia mshale."

Alasiri, tukiwa tunavua nguo za kazi, nilimweleza. Nilimweleza kama habari ya mtu mwingine, jirani kule nyumbani, aliyebanwa na lori. Aliuliza maswali matatu tu: saa ngapi, sehemu gani ya mwili, na kama alikuwa anaongea. Nikajibu.

"Ni jambo lilelile," alisema. "Pale si moyo uliokosa damu, ni miguu. Lakini nyama ya mapaja ni nyingi, ikibanwa saa sita inavuja potasiamu. Mkiliondoa lori, chumvi yote inakwenda kifuani kwa mkupuo. Chumvi ileile tunayosimamishia moyo. Sisi tunafanya kwa makusudi."

"Angeweza kupona?"

"Labda. Siwezi kukuambia zaidi ya labda. Chupa kadhaa za maji ya dripu mshipani kabla hajaondolewa, na mtu wa kumwangalia. Hospitali yenye mashine ya figo. Labda." Alikunja vazi lake. "Kulikuwa na mtu yeyote pale aliyesema mngoje?"

"Alikuwepo mmoja."

"Huyo alikuwa na akili kuliko wote. Nani aliharakisha?"

"Watu," nilisema.

Nilirudi nyumbani na cheti chenye muhuri mwekundu. Mashine haikuwepo. Mwanzoni walisema iko bandarini, baadaye walisema mpango umebadilika, hospitali sasa zijitegemee, wagonjwa wachangie. Mwisho nikaomba uhamisho nikapelekwa Njombe, nikawa nashika taa na kuhesabu pamba wakati wa kuzalisha kwa upasuaji. Ni kazi ya heshima. Lakini mikono yangu ilijua kuulinda moyo uliotoka kwa mfu usiuawe na damu ya aliye hai, na katika nchi nzima hapakuwa na mahali pa kuifanyia hiyo kazi. Siku za baridi, vidole vyangu vilizungusha kitasa cha pampu kisichokuwepo.

Nilipopata likizo nilikwenda Kichiwa. Baba mdogo alikuwa ameacha kupakia mbao, amekuwa mzee wa kanisa, ana ng'ombe wa maziwa. Walikuwepo binamu na shangazi. Nilieleza yote kwa Kibena, maana kwa Kiswahili yangekuwa mahubiri: kwamba baba hakurogwa, kwamba kinachoua ni damu kurudi kwa ghafla, kwamba yule mtu wa Tanga alisema kweli. Hapo ndipo wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Tulibaki wawili.

Baba mdogo alikusanya vikombe walivyoviacha. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulipanda ndege mpaka huko ukasome namna nilivyomuua kaka yangu."

"Sikusema wewe, baba. Nimesema sisi."

"Mimi sikumkamata mtu kanzu."

Sikutegemea kwamba anakumbuka. Nilimtazama, yeye akawa anatazama mlango.

"Watu zaidi ya ishirini walisikia ulichosema pale," aliendelea. "Neno la msikitini na yote. Unadhani kwa nini kwenye kikao hakuna aliyekuuliza ulisema nini? Niliwazungukia mmoja mmoja kabla hatujakaa. Ulikuwa mtoto wa kike, huna mama, baba yako ndiyo kwanza amelala. Wangekuita mwuaji wa baba yako, nani angekuoa, nani angekulipia chuo? Ilibidi awepo mtu mwingine. Yule alikuwa mgeni. Ana kwao."

"Alikuwa amejenga hapa, baba."

"Ana kwao," alirudia. Halafu akasema nisilete tena habari hizo nyumbani kwake, na akaniuliza kama nitakunywa maziwa.

Nilikunywa. Sikujua la kufanya jingine. Ada ya chuo alinilipia yeye, kwa kuuza shamba lake la bondeni, na mpaka leo sijui jinsi ya kumchukia vizuri.

Siku ya pili yake nilishuka Makambako. Nilimkuta yule mtu palepale barabara ya Songea, turubai chini, springi zimepungua. Alikuwa amezeeka sana upande mmoja wa uso. Nadhani alipata kiharusi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nataka bolti ya gari gani.

"Baba, mimi ni yule binti wa mtu aliyebanwa na lori."

"Nakujua," alisema. "Ulikuwa unavuka barabara."

Nilichuchumaa mbele ya turubai nikamweleza, kama nilivyowaeleza wa nyumbani, ila kwa ufupi zaidi. Nilimwambia sayansi imethibitisha alichokisema. Nilimwomba radhi kwa neno la msikitini na kwa kukaa kimya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa kweli nilikuwa nayatamani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni kweli. Lilipopanda lori, ndipo alipokufa."

"Ndiyo, lakini si wewe—"

"Nani alipampu?"

Nilitazama bolti zilizopangwa chini.

"Mimi nilijua, binti. Nyinyi hamkujua. Mtu asiyejua ana udhuru kwa Mungu. Mimi nilijua na nikapampu, kwa sababu mtoto alinililia na nikaona haya mbele za watu. Waliponiita mwuaji nilitaka kukataa, nikashindwa nikatae nini." Alichukua bolti moja akaifuta kwa kitambaa. "Huko ulikosoma, mnafanya nini ili mtu asife?"

"Tunaanza na maji mshipani. Halafu tunaachia polepole."

"Maji haya ya dripu?"

"Hayohayo."

Alitikisa kichwa kuelekea upande wa mjini. "Duka la dawa lilikuwa limefunguliwa pale jirani na gereji yangu, la mtu binafsi. Chupa zilikuwa zimepangwa dirishani, naziona kila siku nikifungua mlango. Ningezileta pamoja na jeki." Aliirudisha bolti mahali pake. "Hilo nilikuwa silijui. Umeniongezea mzigo."

Nikasema, "Nisamehe, baba."

"Ulilisema hadharani, binti. Umekuja kulifuta mimi na wewe tukiwa wawili." Hakuinua sauti. "Mimi nimekusikia. Nenda stendi, nenda kwa wapakiaji, nenda sokoni alikokuwa anafukuzwa mke wangu. Kawaambie wao, kwa sauti ileile. Ukimaliza, rudi hapa tuzungumze habari ya kusamehe."

Alikuja mteja akitaka springi ya pikapu, naye akaniacha akamhudumia.

Nilikwenda hadi stendi. Wapakiaji walikuwepo, sura mpya, vijana, hawanijui. Mwanamke aliyekuwa anauza chai pale alinifahamu akaniita kwa furaha, akaniuliza habari za Njombe, akanisogezea kigoda. Nilisimama mbele yake na maneno yote yakiwa tayari kinywani. Basi la Njombe lilikuwa linajaza watu wa mwisho. Nikamwambia ninachelewa, nikapanda.

Sikurudi tena barabara ya Songea yule mtu akiwa hai. Habari ya msiba wake niliipata wodini, kwa mgonjwa kutoka Makambako aliyekuwa anasimulia mambo ya mji wao. Alisema amezikwa mzee mmoja wa Tanga, muuza vyuma, yule aliyewahi kumroga mpakia mbao. Nilikuwa namfunga mgonjwa huyo bandeji. Nilimaliza kuifunga, nikamwambia alale.